Inakuwaje mtu anashinda Tour de France bila kushinda hata siku moja?



Tarehe 28 Septemba 2025 mitaa ya Kigali ilifurika watu waliokuja kuangalia mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia, mara ya kwanza kabisa mashindano hayo kufanyika Afrika. Waliondoka wanaume zaidi ya 160, mbele yao kilomita 267 na ushee, mlima juu ya mlima. Waliofika mwisho ni 30. Thelathini tu! Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye kilomita zaidi ya 60 za mwisho alizikata peke yake.

Baada ya hapo maswali mtaani yakawa mengi. Hao 130 waliojitoa ni wavivu? Kwanini jamaa anakaa mgongoni kwa mwenzake masaa mawili halafu anampita dakika ya mwisho, huo si wizi? Kama mshindi ni mmoja, hawa wengine wa timu yake wanalipwa kwa kazi gani? Na lile swali linalotugusa wenyewe: huku kwetu watu wanapakia magunia ya mkaa kwenye baiskeli isiyo na gia na wanapanda nayo milima, mbona hatuwaoni Tour de France?

Nitayajibu, na mtaona kwamba maswali yote haya yana mzizi mmoja. Mzizi wenyewe ni upepo.

Aliyewahi kuendesha baiskeli Singida au kandokando ya bahari jioni anajua ninachosema. Upepo ukikupiga usoni unakanyaga mpaka goti linalia na bado hutembei. Halafu lipite lori taratibu, ujibanze nyuma yake (msijaribu jamani, watu wamekufa hivyo), ghafla baiskeli inakuwa nyepesi kama karatasi. Lori limekukatia upepo. Sasa hata bila upepo wa kuvuma, ukienda kwa kasi hewa yenyewe inakuzuia. Ile fizikia ya sekondari tuliyokuwa tunaikariri ina faida yake hapa: ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Ndiyo maana anayekwenda sokoni kwa kilomita 12 kwa saa haisikii, lakini anayekwenda kilomita 45 kwa saa kwenye tambarare, karibu nguvu zake zote zinaishia kupasua hewa.

Anayekaa karibu kabisa na tairi la nyuma la mwenzake anaokoa kama theluthi moja ya nguvu, wakati mwingine zaidi. Akiwa katikati ya kundi la watu mia, anaokoa zaidi tena. Lile kundi kubwa, ambalo Wafaransa wanaliita pelotoni, linatembea zaidi ya kilomita 40 kwa saa kwa masaa manne au matano, na wa katikati wanapiga stori na kula mkate. Wa mbele kabisa ndiye anayekufa. Kwa hiyo wanapokezana: mtu anavuta kidogo, anajitoa pembeni, anarudi nyuma kupumzika, mwingine anashika.

Ukishaelewa hilo, mengine yote yanafunguka. Kama kukaa nyuma ni kuokoa nguvu, basi mtu mwenye akili anataka akae nyuma siku nzima na achomoke mwisho tu. Lakini kila mtu akitaka kukaa nyuma nani atakaa mbele? Hapo ndipo inapozaliwa timu.

Kwenye Tour de France kila timu inaleta waendeshaji wanane. Kati ya hao kiongozi anakuwa mmoja, mara chache wawili. Waliobaki Wafaransa wanawaita domestique, yaani mtumishi wa ndani, na sisi tunalo neno letu la siku nyingi: hausiboi. Kazi ya hausiboi ni kumkatia upepo bosi. Kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa sita saba za maji ndani ya jezi mpaka mgongo unakuwa kama wa ngamia, kisha kukaza arudi mbele kugawa. Bosi akipata pancha sehemu mbaya na gari liko mbali, hausiboi anampa tairi lake au baiskeli nzima, yeye anabaki kando ya barabara akisubiri. Na siku ya milima anavuta mbele mpaka pumzi ikate, halafu anajitoa na kuachwa. Kazi yake ya siku imeisha, kilichobaki ni kufika tu.

Kwa hiyo wale 130 wa Kigali wengi wao sio wavivu. Walikuja kufanya kazi ya mwanzo na katikati, wakaifanya, miguu ikaisha. Pia kwenye mbio za kuzunguka mtaa huo huo mara nyingi, waliobaki nyuma sana wanaondolewa na waamuzi ili wasije kukutana na walio mbele.

Ubosi wenyewe una maumivu yake kwa walio chini. Mwaka 2012 timu ya Sky ya Uingereza ilikuwa na kiongozi Bradley Wiggins, na msaidizi wake mlimani alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Siku ya kupanda La Toussuire, Froome akakaza kidogo na Wiggins akaanza kuachwa. Kila mtu aliyekuwa anaangalia aliona nani ana miguu zaidi mlimani siku ile. Redio ya sikioni ikamwambia apunguze, akapunguza, akamsubiri bosi. Wiggins akawa Mwingereza wa kwanza kushinda Tour, Froome wa pili. Mwaka uliofuata, 2013, Froome akapewa timu na akashinda mwenyewe, kisha 2015, 2016 na 2017. Kuna watu wanasema 2012 alionewa. Mimi nadhani alikuwa anaweka akiba, maana bila kuonyesha kwamba anatii asingepewa watu wa kumvuta miaka iliyofuata.

Hela nazo zinafuata utaratibu huo. Mshindi wa Tour ya wanaume anapewa euro 500,000, ila kwa desturi haziingii mfukoni kwake, zinagawanywa kwa timu nzima na wahudumu wake. Bosi anatajirika kwa mshahara na matangazo.

Sasa turudi kwenye kichwa cha habari.

Tour de France sio mbio moja, ni mbio 21 zilizounganishwa, kila siku moja, na siku chache za mapumziko katikati, jumla kama wiki tatu na kilomita zaidi ya 3,300. Kila siku inaitwa hatua, na kila hatua ina mshindi wake anayeshangiliwa na kupanda jukwaani. Lakini mshindi wa jumla ni yule ambaye ukijumlisha muda wake wa hatua zote ni mdogo kuliko wa wengine. Muda tu. Sasa chukua mtu ambaye kila siku ya tambarare anafika ndani ya kundi kubwa, anaandikiwa muda sawa na kundi. Siku za milima anafika wa tatu, wa pili, wa nne, pamoja na wakali wenzake. Siku ya kukimbizana na saa, ambapo kila mtu anaondoka peke yake bila mgongo wa kujificha, anawapita wapinzani wake kwa nusu dakika. Huyo anaweza kuwa bingwa bila kufika wa kwanza hata siku moja. Greg LeMond wa Marekani alifanya hivyo 1990. Froome alifanya hivyo 2017, akamzidi Rigoberto Urán wa Colombia kwa sekunde 54.

Huyo huyo LeMond ndiye wa ile hadithi ya 1989 ambayo mashabiki wa zamani hawachoki kuisimulia. Siku ya mwisho, kilomita 24.5 kutoka Versailles kuingia Paris, kila mtu na saa yake. Laurent Fignon, Mfaransa, anaongoza kwa sekunde 50, nchi nzima inasubiri sherehe. LeMond akaja na usukani wenye mikono ya kulalia mbele na helmeti yenye mkia mrefu wa kupasulia hewa. Fignon akaja kichwa wazi, nywele amezifunga mkia wa farasi zinapepea. LeMond akamlamba sekunde 58. Baada ya zaidi ya kilomita 3,200 tofauti ikawa sekunde 8. Upepo tena, mnaona?

Upande wa kina mama kuna nyingine ya karibuni zaidi, na kwangu mimi hii inafundisha kuliko ya LeMond. Tour de France ya wanawake iliyofufuliwa mwaka 2022 inakwenda siku chache zaidi, 2024 zilikuwa hatua nane. Demi Vollering wa Uholanzi alikuwa na jezi ya kiongozi. Hatua ya tano, karibu na mwisho, akaanguka. Kawaida hapo wenzake wa timu wote wanasimama, wanamzunguka, wanamvuta kumrudisha. Safari hii waliomsaidia hawakutosha, na mwenzake mmoja wa timu hiyo hiyo ndiye aliyeshinda hatua ile huku kiongozi wao yuko nyuma anahangaika. Alipoteza karibu dakika mbili. Siku ya mwisho akapanda Alpe d'Huez kama mwenye hasira na kushinda hatua. Haikutosha. Kasia Niewiadoma wa Poland alichukua ubingwa kwa sekunde 4. Sekunde nne, kutoa chafya mara mbili! Wenye timu walijieleza kwamba taarifa hazikuwafikia watu kwa wakati. Pengine ni kweli. Lakini ukweli unabaki pale pale kwamba mwanamke mwenye miguu ya kushinda alishindwa kwa kukosa migongo ya kutosha dakika kumi za siku moja.

Jezi hizo za rangi ni rahisi. Ya njano anavaa anayeongoza kwa muda. Ya kijani ni ya pointi, wanazipata wanaofika mbele kwenye mistari ya kumalizia na sehemu fulani za katikati, kwa hiyo mara nyingi inakwenda kwa wenye mbio kali za mwisho. Nyeupe yenye nukta nyekundu ni ya mfalme wa milima. Nyeupe tupu ni ya kijana anayeongoza, asiyezidi miaka 25. Njano ilianza 1919, na sababu yake ni kwamba mashindano yalikuwa mali ya gazeti, L'Auto, ambalo lilichapishwa kwenye karatasi ya njano. Tour yenyewe ilibuniwa 1903 ili gazeti liuzike! Waliondoka watu 60, wakamaliza 21, mshindi Maurice Garin. Waitaliano wakaiga 1909 na Giro d'Italia, nayo ya gazeti, karatasi ya pinki, na jezi ya kiongozi ni ya pinki mpaka kesho. Wahispania wakaja na Vuelta yao 1935. Hizo tatu ndizo kubwa za wiki tatu.

Halafu kuna zile za siku moja, ambazo mimi nazipenda zaidi kwa sababu hazina kesho. Milano-Sanremo karibu kilomita 300. Tour ya Flanders kule Ubelgiji. Liège-Bastogne-Liège iliyoanza 1892, Lombardia ya mwezi wa kumi, na Paris-Roubaix, ambayo ina kilomita zaidi ya 50 za barabara za mawe ya zamani, vumbi likiwepo ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope, na mshindi anapewa jiwe. Kweli kabisa, zawadi ni jiwe la barabarani limewekwa kwenye kibao.

Na mashindano ya dunia kama ya Kigali, huko unavaa jezi ya nchi, sio ya timu inayokulipa mshahara. Hapo panakuwa na utamu wake. Siku ile kwenye Mont Kigali, zikiwa zimebaki kilomita kama mia, waliochomoka pamoja ni Pogačar, Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico. Nchi tatu tofauti, lakini kwa kazi za kila siku mwaka ule wote watatu walikuwa waajiriwa wa timu moja, ya Emirates. Kila mtu afikirie anavyotaka.

Swali la "wizi" sasa. Huwa kila siku kuna watu watatu wanne wanachomoka asubuhi na kuachana na kundi, wanapewa dakika tano, sita. Mtazamaji mgeni anashangilia, anadhani wamewashinda. Kundi nyuma linajua hesabu. Wanne wanapokezana upepo watu wanne, kundi linapokezana na timu tatu zenye hausiboi wapya. Wanawavuta taratibu, wanawaachia waungue juani, wanawakamata zikiwa zimebaki kilomita tano au tatu. Halafu kila timu yenye mtu wa kasi inapanga treni yake: watu wanne watano mstari mmoja, wa mbele anatoa kila alichonacho anajitoa, anayefuata hivyo hivyo, mpaka zinabaki mita 200 na bosi anatoka mgongoni kwa mtu wa mwisho akiwa bado ana pumzi, kasi inagonga kilomita 60 na zaidi. Ukiona anainua mikono kumbuka amefanya kazi ya kuonekana kama sekunde 12. Wenzake wamefanya masaa manne. Sio wizi, ni mgawanyo wa kazi, ingawa namwelewa anayeuona kama unyonyaji.

Huko nyuma kabisa nako kuna maisha. Kila hatua ina muda wa mwisho, unapigwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Ukichelewa umefukuzwa mashindano. Siku ya milima mikubwa wale wazito wa mbio za mwisho hawawezi kupanda na wepesi wa kilo 60, basi wanakusanyika kundi moja, timu zote, maadui wa jana, wanahesabu dakika pamoja na kusaidiana kufika kabla geti halijafungwa. Hata hao upepo umewaunganisha.

Dawa za kuongeza nguvu siwezi kuziruka. Lance Armstrong wa Marekani alishinda mara saba mfululizo, 1999 mpaka 2005, na mwaka 2012 akanyang'anywa zote saba. Hawakumpa mtu mwingine. Ukifungua orodha ya mabingwa miaka ile saba haina jina. Miaka ile ilikuwa mibaya kiasi kwamba kumpandisha wa pili ingekuwa kutafuta balaa lingine.

Haya, tuje kwetu.

Watu wengi wanadhani Mwafrika hakuwepo kwenye Tour kwa sababu baiskeli ni ghali. Ni ghali kweli, ya kiwango cha juu inafika dola 10,000 na zaidi. Lakini ukiwa umenisoma mpaka hapa utaona tatizo ni kubwa kuliko baiskeli. Jamaa wa mkaa ana miguu na ana mapafu. Ila hajawahi kukaa ndani ya kundi la watu 150 wanaogusana mabega kwenye kona ya kushuka kwa kilomita 70 kwa saa. Hiyo haifundishwi na mlima, inafundishwa na mbio nyingi, na mbio ziko Ulaya. Na Ulaya ni viza. Na akishafika anatakiwa awe na watu saba wa kumkatia upepo, au kwanza yeye awe tayari kumkatia mwingine upepo miaka mitatu minne akiwa hajulikani. Mkimbiaji wa marathoni akiwa na mapafu ya Iten anaweza kufika mbele na viatu vyake tu. Baiskeli haina njia hiyo ya mkato.

Mtazameni Froome huyo huyo. Alikua Kenya, akafundishwa baiskeli na David Kinjah, kule kijijini kwake Mai-a-Ihii, Kikuyu, nje ya Nairobi. Mwaka 2006 alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, Austria, na hakukuwa na mtu wa kumsajili. Kwa maelezo yake mwenyewe aliingia kwenye barua pepe ya kiongozi wa chama cha Kenya na kujiandikisha. Akaenda peke yake. Kwenye mbio dhidi ya saa, ameshuka tu kwenye ngazi ya kuondokea, akamgonga mwamuzi wakaanguka wote. Huyo ndiye alikuja kushinda Tour mara nne! Katikati kilichotokea ni kwamba alipata kituo cha mafunzo cha chama cha dunia kule Aigle, Uswisi, akapata timu, na mwaka 2008 akahamia kwenye leseni ya Uingereza. Kinjah alibaki Kikuyu na vijana wake wa Safari Simbaz. Mwalimu yule yule, barabara zile zile, na wanafunzi wengine wenye miguu. Hawakuwa na pasipoti ya pili.

Eritrea walipata njia tofauti. Waitaliano walileta mchezo huu enzi za ukoloni, wenyeji wakaufanya wa kwao, na Asmara iko mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari. Muhimu kuliko urefu huo, wana mbio za mara kwa mara nyumbani, na watazamaji, na vijana wanakulia ndani ya kundi. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa jezi ya milima kwenye Tour, akiwa na timu ya MTN-Qhubeka iliyosajiliwa Afrika Kusini. Alafu akaja Biniam Girmay. Naye alipita Aigle. Mwaka 2022 akashinda Gent-Wevelgem, kisha hatua ya Giro, akimshinda Mathieu van der Poel uso kwa uso, na akatolewa mashindanoni na kizibo cha chupa ya mvinyo kilichomruka jichoni jukwaani. Kama ni filamu ungesema wameongeza chumvi. Tarehe 1 Julai 2024, Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akaongeza nyingine mbili na kwenda nayo nyumbani jezi ya kijani. Timu yake, Intermarché ya Ubelgiji, ilikuwa moja ya zenye bajeti ndogo, lakini ilimpa kile ambacho pesa sio kila kitu chake: treni ya watu waliokubali kwamba bosi ni huyu Mwafrika.

Rwanda walianza karibu na sifuri. Mradi wa Team Rwanda ulianza 2007, Tour du Rwanda ikaingia kwenye kalenda ya kimataifa 2009, Adrien Niyonshuti akabeba bendera ya nchi Olimpiki ya London 2012. Tangu hapo mpaka Kigali 2025 ni kama miaka kumi na nane ya mbio nyumbani kila mwaka. Hawajatoa bingwa wa dunia, na wanaowabeza kwa hilo nadhani hawajui wanachokiangalia. Kwanza kinajengwa kitu cha watoto kukimbilia.

Na Kenya kulikuwa na Suleiman Kangangi. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu kwa ujumla Tour du Rwanda. Alipita kwenye timu ya Kijerumani ya Bike Aid, na baadaye akawa nahodha wa Team Amani, timu ya Waafrika Mashariki yenye lengo la kuwapeleka vijana wa huku kwenye mbio za nje kama kundi, badala ya kila mtu kwenda na bahati yake. Walichagua mbio za barabara za vumbi kwa sababu huko mlango ulikuwa wazi zaidi kuliko lami ya Ulaya. Tarehe 27 Agosti 2022, kwenye mbio za namna hiyo Vermont, Marekani, alianguka akiwa kwenye kasi kubwa na akafariki. Alikuwa na miaka 33. Nimesoma na kusikia wengi waliomfahamu wakimzungumza, na wanachokitaja mara nyingi sio nafasi aliyomaliza kwenye mbio fulani. Wanataja vijana aliokuwa anawavuta. Timu iliendelea baada yake.

Tour du Rwanda inafanyika kila mwaka kuanzia mwezi wa pili. Kutoka Kagera hadi ilipo siku ile ni mwendo wa basi, na kuangalia ni bure, unasimama barabarani tu. Ukienda, au ukiona Tour kwenye luninga mwezi wa saba, usimkodolee macho anayeongoza. Mtafute anayerudi nyuma kwenye gari la timu na kutoka na chupa zimejaa mgongoni, uhesabu itamchukua dakika ngapi kuwafikia wenzake.

Wenye maswali kuhusu gia na uzito wa baiskeli (kiwango cha chini ni kilo 6.8, haitakiwi kupungua hapo) yaleteni hapo chini, nitayajibu kadiri umeme utakavyoruhusu.